Gari lenye giaboksi inayoteleza tusimuuzie mwenzetu asubuhi

Wiki chache zilizopita mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Nilidhani amekuja kuulizia maendeleo ya mtoto, kumbe alikuwa na jambo jingine. Yeye na wenzake wanne, wote waliorudi kutoka kambi za Kigoma, wamechangishana fedha wanunue Hiace ya zamani ya otomatiki, ya kubebea mchele na dagaa kutoka upande wa Tanzania. Alitaka nimsindikize kulitazama gari hilo. Nikamuuliza wameagana na mwenye gari saa ngapi.

“Amesema twende saa kumi na mbili asubuhi, mwalimu, kabla hajaenda kazini.”

Nikamwambia asiende saa hiyo. Aende saa nane mchana, tena aende na magunia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwalimu aliyechoshwa na chaki. Makala haya ni maelezo niliyompa siku ile, pamoja na mengine ambayo sikumwambia kwa sababu kengele ililia.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikasomea ualimu huko huko, na mwaka 2009 nikarudi katika nchi ambayo wazazi wangu waliiita nyumbani. Nilirudi na vyeti vyangu, mke, watoto wawili, na Kirundi ambacho watoto wa jirani walikicheka hadi machozi. Mshahara wa mwalimu wote tunaujua. Ndiyo maana mwaka 2017, kina mama wawili wa biashara, mzee mmoja muuza mchele na dereva mmoja waliponiambia tuungane tununue gari, sikufikiri mara mbili. Nikawa mtu wa tano, na kwa kuwa najua kuandika, nikapewa daftari la hesabu.

Gari tulilolipata lilikuwa Hiace ya petroli, ya otomatiki, iliyopitia bandari ya Dar es Salaam. Jambo la ajabu ni kwamba huko Japani ilikuwa imetengenezwa kama nyumba ya safari. Ilikuwa na kitanda cha kukunja, kabati, sinki dogo, tangi la maji na sehemu ya jiko la gesi. Wenzetu wa Japani, Ulaya na Marekani wana magari ya namna hiyo. Mtu akistaafu anamchukua mkewe wanazunguka nchi, wanapika na kulala humo humo. Kina mama wetu walipokiona kitanda wakakataa kisiondolewe. Walikuwa na hoja. Ukifika mpakani Kobero usiku na mzigo, au ukisubiri karatasi zako hadi kesho yake, utalala wapi bila kulipa? Kwetu sisi kile kitanda hakikuwa cha starehe, kilikuwa nyumba ya wageni isiyodai fedha.

Kwa miezi minane gari lilitulisha. Siku lilipotugeuka tulikuwa tunatoka Muyinga kuelekea Gitega, saa saba mchana, tukipanda mlima. Dereva alikanyaga mafuta, injini ikavuma kama inataka kuruka, lakini gari likawa linatambaa. Akaachia, akakanyaga tena, hali ikawa ile ile. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda, mshale wa mwendo haupandi. Baadaye tukasikia harufu kama ya maharage yaliyoungulia chunguni. Tukaegesha. Baada ya saa nzima gari likaondoka vizuri kabisa, tukashangilia. Kilomita kumi mbele likarudia.

Hapo ndipo makosa yetu yalipoanza. Fundi wa kwanza tuliyempata aliwasha injini, akasikiliza, akatikisa kichwa. “Giaboksi imekufa. Leteni fedha niwatafutie nyingine ya mtumba.” Hakufungua boneti. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na mtaji wote wa mama mmoja kati yetu. Mimi, mwenye daftari, niliyesoma fizikia hadi kidato cha nne, nilitoa malipo ya kwanza bila kumuuliza swali hata moja. Sehemu kubwa ya fedha ile hatukuiona tena. Simlaumu fundi peke yake. Mtu asiyeuliza amekwisha kusema kwamba yuko tayari kulipa.

Ndugu msomaji, tuelewane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana ujinga wetu hapa ndio unaotufilisi. Gari la gia za mkono lina klachi moja unayoikanyaga kwa mguu. Gari la otomatiki halina pedali hiyo, lakini lina klachi kadhaa ndani ya giaboksi, plati nyembamba zilizopangwa kama sahani kabatini. Kinachozibana plati hizo ili zishikane ni oili inayosukumwa na pampu. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwenye injini, ndiyo inayolainisha, na ndiyo inayopoza. Oili ikipungua, presha inashuka. Presha ikishuka, plati hazishikani sawasawa, zinasuguana, zinapata moto na kuungua. Hapo injini inavuma bure na gari haliendi. Huko ndiko kuteleza kwa giaboksi.

Sasa utaona kwa nini saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya hatari. Oili ikiwa baridi ni nzito, haipenyi kirahisi kwenye sili zilizochoka, kwa hiyo presha inatosha. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja kwa ndani, presha inashuka na ugonjwa unajitokeza. Gari lenye giaboksi mbovu linaweza kukuchukua asubuhi mara mbili kuzunguka soko bila kosa lolote. Mchana, likiwa na mzigo na mlima uko mbele, litasema ukweli.

Fundi wa pili alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi Kigoma. Hakuomba fedha kwanza, aliomba kitambaa cheupe. Alituagiza tuliendeshe gari hadi lipate moto, tuliegeshe mahali tambarare, injini ikiendelea kuwaka. Akakanyaga breki, akapitisha mkono wa gia kila mahali, P, R, N, D, 2, L, akaurudisha kwenye P. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kijiti kina alama za baridi na alama za moto. Gari likiwa na moto, usisome alama za baridi, utajidanganya. Kwetu oili haikufika hata mwanzo wa alama ya moto. Akaidondoshea kwenye kitambaa. Oili nzima huwa nyekundu au ya waridi. Yetu ilikuwa kahawia, na ilinuka ile harufu ya maharage.

Alitufundisha jambo jingine ambalo nimelikumbuka hadi leo. Ukiona oili imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Katika magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta ili ipoe, na kikitoboka kipoozeo kilichomo humo, maji na oili hukutana. Hapo hata ununue giaboksi mpya, ukiacha rejeta ile ile utaiua na hiyo mpya.

Akalala chini ya gari. Mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ulikuwa umechoka, unadondosha tone moja moja. Tone moja si kitu, lakini miezi minane ni matone mengi, na sisi tulikuwa tukipima oili ya injini tu. Kisha akavuta waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye giaboksi. Giaboksi nyingi za zamani zina waya huo. Ndio unaoiambia giaboksi kwamba dereva amekanyaga sana, ongeza presha. Wetu ulikuwa umelegea. Kwa maneno mengine, kila tulipokanyaga mlimani, giaboksi haikupata habari kamili.

Tukamuuliza, je, si solenoidi au umeme? Akajibu kwamba katika giaboksi zinazoendeshwa kwa umeme, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikianza kumetameta yenyewe, gari linaomba lisomwe kwa kompyuta au kwa njia ya kuhesabu mimeto ya taa. Yetu haikumeta. Tukamuuliza kama inaweza kuwa injini ndiyo dhaifu. Akacheka. Injini dhaifu haivumi. Filta ya petroli ikiziba, gari linakosa nguvu na mizunguko ya injini haipandi. Ikivuma na gari haliendi, tafuta kwenye giaboksi.

Kulikuwa na kipimo kimoja zaidi, na hiki msikifanye bila fundi. Alizuia magurudumu kwa mawe, akavuta breki ya mkono, akakanyaga breki ya mguu hadi chini, akaweka D, akakanyaga mafuta yote kwa muda usiozidi sekunde tano, akitazama mshale. Mizunguko ikipita kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, kuna plati zinazoteleza au presha iko chini. Akapumzisha gari, akarudia kwa R. Ikiteleza kwenye D na R pia, shaka kwanza oili, filta na pampu. Ikiteleza upande mmoja tu, shaka plati za upande huo. Ya kwetu iliteleza pande zote mbili.

Alibadilisha mpira, akakaza waya, akashusha sahani ya chini. Kwenye sumaku zilizomo humo kulikuwa na utope laini wa kijivu, ambao alisema ni wa kawaida, hakuna vipande vya chuma. Lakini kulikuwa na chembe nyeusi nyingi, yaani nyama ya plati zilizoungua. Akaosha, akaweka filta mpya na oili ya aina iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Hapo pia tuwe macho. Dexron si sawa na T-IV, na magari ya CVT yana oili yake peke yake. Anayesema “oili nyekundu zote ni moja” anakufundisha kuua gari.

Gari lilipona? Lilipona nusu. Lilipanda milima, lakini likiwa na mzigo mkubwa na jua kali, kati ya gia ya pili na ya tatu lilikuwa bado linavuta pumzi kabla ya kushika. Mzee alituambia kweli: “Zilizoungua haziwezi kurudi. Mkiliendesha kwa heshima litawapa miezi, kisha mlifungue muweke plati na sili mpya. Na msininunulie dawa ya chupa.”

Usiku ule tulikaa watano ndani ya lile gari, wengine kitandani, wengine juu ya magunia. Mmoja wetu, sitamtaja, akatoa wazo. Tuweke dawa ya chupa, tulioshe gari, tulipeleke kwa watu waliokuwa wamerudi hivi karibuni na fedha za kuanzia maisha. Waje asubuhi. Gari litakuwa baridi, halitateleza. Wanaotoka kambini hawajui magari, alisema, na hata sisi tuliuziwa hivyo hivyo. Kulikuwa na kimya kirefu. Nitakuwa mkweli, na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikipiga hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa tamu.

Aliyevunja kimya ni mama muuza dagaa. Alisema, “Nilipofika hapa nikitoka Tanzania, kuna ndugu aliniuzia kiwanja. Nilipoanza kuchimba msingi, mwenye kiwanja akaja. Yule aliyeniuzia alikuwa ametoka uhamishoni kama mimi, tena miaka miwili tu kabla yangu. Mkitaka kuliuza lile gari asubuhi, toeni kwanza fungu langu.”

Hatukuliuza. Wawili walijitoa, na tuliwalipa fungu lao kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima. Sisemi tulikuwa watakatifu. Nasema tulikuwa karibu sana kufanya lile tulilofanyiwa, na ninajua tulifanyiwa, kwa sababu siku ya kununua gari niliona oili ya kahawia kwenye kijiti. Nikauliza, nikaambiwa “ni ya zamani tu”, nikaridhika. Nililitaka gari kuliko nilivyoutaka ukweli.

Ndipo ilipobidi tukae chini tupige hesabu ya uzito, hesabu ambayo mwalimu alipaswa kuipiga siku ya kwanza. Gari la namna ile hubeba takriban tani moja. Sisi tulipakia magunia 20 ya kilo 50, hiyo ni tani moja tayari. Watu sita wa kilo 65 ni kilo 390. Kitanda, kabati, sinki na tangi lililojaa maji tulikadiria kilo 200. Jumla kilo 1,590. Halafu tunamlaumu Mjapani. Wenye nyumba za magurudumu huko Ulaya na Marekani wanaugua ugonjwa huu huu. Nyumba imejengwa juu ya gari, kila mwaka wanaongeza kitu, giaboksi ndiyo inayobeba na mlimani inachemka.

Tuliondoa sinki, kabati na tangi. Kitanda kilibaki, kina mama walishinda. Magunia yakashuka hadi 12. Faida ya safari moja ilipungua, lakini petroli pia ilipungua, maana giaboksi inayoteleza inachoma mafuta bila kusogeza mzigo. Waliokaa kwenye foleni za mafuta miaka hii ya karibuni wanajua petroli iliyopotea ina uchungu gani. Baada ya miezi kumi na moja tulikuwa tumeweka akiba ya kufungua giaboksi na kuweka plati na sili mpya kwa fundi yule yule mzee. Likafanya kazi miaka mingine mitatu.

Sasa basi, nini maoni yangu? Kwanza, kwa wanaonunua. Usilijaribu gari la otomatiki likiwa baridi na tupu. Fika, weka mkono juu ya boneti. Likiwa baridi, liendeshwe nusu saa au zaidi, lipandishwe mlima na mzigo. Ukihamisha kutoka N kwenda D au R, lisikawie kushika. Chomoa kijiti, tumia kitambaa cheupe, amini pua yako. Mwenye gari akikataa mlima, umepata jibu bila kulipa chochote.

Pili, kwa tunaoendesha. Mlimani zima O/D ili gia zisihangaike kupanda na kushuka. Kwenye miteremko kama ile ya Bugarama kushuka Bujumbura, tumia 2 au L injini ikusaidie kuzuia gari, na usiweke N eti unaokoa petroli. Breki zitachemka na giaboksi itakosa oili ya kutosha. Usitie R gari likiwa bado linasonga mbele. Likizimika, usilisukume ili liwake, haliwezi, na usilivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yako chini. Pampu ya oili huendeshwa na injini. Injini ikizima, giaboksi inazunguka kavu. Ni wangapi wetu tumevutwa hivyo hadi gereji, tukafika na ugonjwa mkubwa kuliko tulioondoka nao?

Tatu, kwa vikundi. Andikeni katika daftari siku ya kupima oili ya giaboksi, kama mnavyoandika faida. Wekeni idadi ya magunia, na asiwepo mwenye kuongeza “moja tu” kwa sababu ni la shemeji. Kabla ya kulipia giaboksi nyingine, mwulizeni fundi maswali manne: oili iko kiasi gani, ina rangi gani, inavuja wapi, presha ni ngapi. Asiyeweza kujibu hata moja msimpe fedha. Na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinaweza kununua kipimo kimoja cha presha kikatumiwa na wanachama wote. Kitakuwa nafuu kuliko giaboksi moja ya mtumba isiyo na historia.

Nne, kwa wenye shule za ufundi. Mafundi wetu wengi walijifunzia kwenye magari ya gia za mkono, na barabara zetu sasa zimejaa otomatiki. Tuwafundishe, tena kwa lugha wanayoielewa. Kijana aliyesoma Kiswahili uhamishoni si mjinga kwa kuwa hajui Kifaransa. Mwambie kwa Kiswahili plati hubanwa na nini, ataelewa kabla ya mapumziko.

Mzazi yule alirudi baada ya siku tatu. Walikwenda saa nane mchana na magunia sita ya kuazima. Mwenye gari alikubali kuwazungusha mjini, lakini alipoonyeshwa mlima alikumbuka kwamba ana kikao. Wakarudi na magunia yao, na fedha zao mfukoni. Bado hawana gari, na mzazi aliniambia wenzake wawili wamenuna, wanasema mwalimu amewaharibia bahati.

Nami nawaza wataliuziwa nani lile gari, na saa ngapi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza karibu na mji wa Muyinga, Burundi. Alisoma Tabora, Tanzania.